Kufikisha Zaka na Sadaka kwa Wakimbizi, Yatima na Familia Zenye Dhiki Nje ya Nchi: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Misikiti

Vita vya Sudan vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023, misikiti mingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na mtu wake Khartoum. Vijana wetu wengi wamesoma Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, na wapo mashekhe wanaotuhutubia Ijumaa waliochukua shahada zao pale. Wanafunzi walirudishwa makwao. Wenyeji waliokuwa wakiwakirimu futari kila Ramadhani walibaki, na wengi wao leo ni wakimbizi. Michango ikaanza kupitishwa baada ya sala, na likaja swali linalorudi kila msiba unapotokea mbali: pesa imepatikana, tuifikishe vipi?

Mwongozo huu ni kwa kikundi kidogo: kamati ya zaka ya msikiti, akina mama wa darsa, ukoo ulioko Muscat au Birmingham, wanafunzi wa chuo. Mfano nitakaoutumia zaidi ni wa wakimbizi wa Sudan walioko Adré, mji wa mpakani mashariki mwa Chad unaoelekeana na El Geneina ya Darfur Magharibi. Walivuka pale kwa makundi makubwa katikati ya mwaka 2023, wengi wao wanawake na watoto. Utaratibu ni uleule kwa Warohingya wa Bangladesh, kwa Wasyria walioko Yordani, au kwa ndugu zetu wa Cabo Delgado kule Msumbiji. Pale penye tofauti nitasema.

Anza na atakayepokea, kisha ndiyo urudi kwa mchangaji. Vikundi vingi hukusanya kwanza, halafu vinahangaika kutafuta pa kupeleka, na haraka hiyo ndiyo inayowapa nafasi matapeli. Ndiyo pia inayozaa misaada isiyomfaa mtu.

1. Chagua watu wachache na shida moja

Kamati ikae kikao kimoja na iandike sentensi moja: tunamsaidia nani, wapi, kwa shida gani, kwa muda gani. "Kusaidia Umma" haitoshi. "Unga na kuni kwa wajane wenye watoto walioko Adré, kuanzia Juni hadi Septemba" inatosha, kwa sababu inampa mweka hazina kitu cha kukataa. Kesho yake atakuja mtu na ombi la ujenzi wa madrasa nchi nyingine, zuri kabisa, na jibu litakuwa tayari.

Miezi hiyo sikuitaja ovyo. Mashariki mwa Chad, Juni mpaka Septemba ni msimu wa njaa: akiba ya mavuno imeisha na mavuno mapya hayajaiva. Ndipo mvua nazo zinaponyesha, makorongo yanajaa maji na barabara zinakatika. Pesa inayochangwa Agosti huenda ikafika wakati lori haliwezi kupita. Kwa watu wa Adré, mchango wa Machi una kazi kubwa kuliko mchango mara mbili yake wa Agosti.

2. Tenganisha pesa kabla hazijachanganyika

Hapa ndipo vikundi vingi vinapoharibu, na kuharibu huko kunagusa sheria ya dini, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Fungua daftari lenye safu nne: zaka, sadaka, kafala ya yatima (yaani ahadi ya kumgharimia mtoto yatima), na gharama. Kila anayeleta pesa aulizwe nia yake pale pale na iandikwe. Ukipokea kwa simu, mwambie aandike neno moja kwenye ujumbe wa muamala. Asiyesema kitu mpigie umuulize, usimwamulie.

Zaka ina wenyewe, na wametajwa katika Sura At-Tawba aya ya 60, makundi manane. Mkimbizi kwa kawaida anaingia kwa ufukara au umasikini wake, na mara nyingine kwa kuwa msafiri aliyekatikiwa njia au mwenye deni. Wanazuoni wengi wanashurutisha zaka imilikishwe mtu: aipokee iwe yake. Kwa rai hiyo, kisima, darasa au paa la msikiti havijengwi kwa zaka, vinajengwa kwa sadaka jariya, yaani ile inayoendelea kunufaisha. Vilevile zaka, kwa rai ya wengi, ni ya Waislamu, ilhali sadaka haina mpaka huo. Kambini wapo jirani wa dini nyingine na wapo wenyeji maskini waliowapokea wageni. Sadaka iwafikie nao. Pale wenyeji wanapotazama malori yakiwapita kila mwezi, mkimbizi ndiye anayelipa baadaye kisimani na kwenye kuni.

Kuna jambo linalotuhusu hasa sisi wa pwani. Kauli inayojulikana zaidi katika madhehebu ya Shafi ni kwamba zaka hugawiwa pale ilipo mali, na haihamishwi ilhali wastahiki wapo. Msingi wake ni hadithi ya Muadh, sahaba wa Mtume, alipotumwa Yemen: zaka ichukuliwe kwa matajiri wao irudishwe kwa mafukara wao. Wanazuoni wengine, wakiwemo baadhi ya Mashafi, wanaruhusu kuihamisha kwa haja kubwa zaidi. Msiamue haya kwenye kundi la WhatsApp. Nendeni kwa shekhe wenu, mumweleze hali yote ya hapa na ya kule, na jibu lake liandikwe kwenye daftari. Vikundi vingine vimechagua njia nyepesi: zaka inabaki mtaani kwa wajane na wenye madeni tunaowajua, na sadaka ndiyo inayosafiri. Mimi naipenda njia hiyo, maana inaondoa ubishi na haimwachi jirani akiwa na njaa.

Kuhusu hesabu yenyewe, mtoaji ajue nisabu, yaani kiwango ambacho mali ikikifikia inatolewa zaka, ni thamani ya gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha, mali ipitiwe na mwaka wa mwezi mwandamo, na kinachotoka ni asilimia 2.5. Yenye shaka apelekewe shekhe.

Safu ya gharama ndiyo inayosahauliwa. Ada ya benki, nauli ya mgawaji na karatasi zote zinalipwa na mtu. Aya imewataja wanaoitumikia zaka, lakini wanazuoni wametofautiana kama kamati ya watu binafsi inaingia humo. Salama zaidi ni kuwaomba watu wachache watoe sadaka kwa nia ya gharama tu, wakijua wazi. Hapo kila shilingi ya zaka inabaki zaka.

3. Mtafute mshirika, umchunguze bila haya

Kikundi kidogo hakiwezi kufika Adré chenyewe, na hakipaswi kujaribu. Unahitaji mtu aliyekwishafika. Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni mashirika makubwa ya Kiislamu: Islamic Relief lililoanzia Birmingham mwaka 1984, Muslim Hands la Nottingham, au Direct Aid la Kuwait lililoasisiwa na Dkt. Abdulrahman Al-Sumait, ambalo wazee wengi wa hapa bado wanalijua kwa jina la Africa Muslims Agency. Ya pili ni Mfuko wa Zaka wa Wakimbizi wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ulioanzishwa 2019. Ya tatu ni kikundi cha wenyeji au cha wakimbizi wenyewe. Hiki cha tatu mara nyingi ndicho kinachojua nani hajala jana, na ndicho kigumu kukithibitisha.

Chochote utakachochagua, fanya haya kwa mpangilio. Tafuta namba ya usajili kisha uihakiki kwa msajili mwenyewe, usiridhike na cheti kilichopigwa picha. Mashirika ya Uingereza na Wales yako kwenye rejista ya Charity Commission, msajili wa mashirika ya hisani wa huko, wazi kwa kila mtu, pamoja na hesabu zao za kila mwaka. Ya Marekani yanatafutwa kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi, IRS. Kenya, sheria ya mashirika ya manufaa ya umma imeanza kutumika Mei 2024, kwa hiyo uliza shirika limesimama wapi chini ya sheria hiyo. Tanzania, taasisi nyingi za dini zina bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na nyingine ziko kwa Msajili wa NGO.

Kisha tazama akaunti ya benki. Iwe kwa jina la taasisi. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi "kwa sababu ya dharura", simama hapo.

Kisha piga simu, uulize: mara ya mwisho mligawa nini, wapi, na nini kilienda vibaya? Mtu aliyefanya kazi hii kweli atakuwa na jibu refu kwa hilo la mwisho. Lori lilikwama, orodha ilirudiwa majina, unga ulilowa. Anayejibu kwamba kila kitu kilikwenda sawa, ama hakuwepo ama anaficha.

Ukikutana na tangazo la "asilimia 100 inamfikia mlengwa", uliza nani analipa mishahara. Linaweza kuwa kweli, kwa kuwa kuna wafadhili wanaobeba gharama, na Uingereza utaratibu wa Gift Aid, wa serikali kurudisha kodi, unaliongezea shirika peni 25 kwa kila pauni ya mlipa kodi. Shirika safi litakueleza hayo kwa dakika mbili.

Na zile picha zinazotumwa usiku, mtoto akilia kifusini na namba ya kutuma pesa chini yake: itafute picha kwa mtambo wa kutafuta picha mtandaoni kabla hujamtumia mwenzako. Picha moja huzungushwa kwa jina la nchi hii leo na nchi ile kesho. Huyo mtoto wa kweli hapati chochote.

4. Ijue siku ya anayepokea

Chukulia kapu la chakula. Sisi tukifikiria kapu tunafikiria mchele, unga wa sembe, sukari, mafuta. Mama aliyetoka Darfur anapika asida, inayofanana na ugali wetu, kwa unga wa mtama au uwele, na mchuzi wa bamia kavu iliyopondwa. Ukimpelekea mchele atauuza kwa bei ya kutupa ili anunue mtama.

Basi mpe mtama. Lakini mtama unakuja punje, na kuusaga kunalipiwa. Katika kambi nyingi familia huuza sehemu ya nafaka ili zilipe mashine ya kusaga, yaani magunia uliyoyahesabu kwenye ripoti siyo yanayofika chunguni. Weka ada ya kusaga ndani ya bajeti, au nunua unga.

Halafu moto. Kuni haziko mlangoni. Wanawake na wasichana wanatembea mbali kuzitafuta, na njiani wanashambuliwa. Jambo hili limeandikwa tangu vita vya Darfur vya 2003. Ukigawa nafaka bila nishati ya kupikia, umempa mama chakula na safari ya hatari kwa mkono mmoja. Mkaa, majiko yanayotumia kuni kidogo, au pesa taslimu ya kununulia kuni sokoni, kimojawapo kiambatane na kapu. Kwa haya peke yake ningepunguza idadi ya familia ili kila moja ipate kapu lililokamilika.

Pesa taslimu mara nyingi ndiyo msaada wenye heshima zaidi, kama soko lipo na bidhaa zipo. Mama mmoja anahitaji dawa, mwingine ada ya shule, mwingine anadaiwa dukani. Uliza kwanza kama serikali ya pale inaruhusu. Bangladesh, kwa mfano, shirika halipokei pesa za nje bila kupitia ofisi ya serikali inayosimamia NGO, na kambi za Cox's Bazar, walikokimbilia Warohingya zaidi ya 700,000 tangu Agosti 2017, haziingiliki kiholela.

Nguo za mitumba msitume. Nauli, ushuru wa forodha na kuoza bohari vinakula thamani yote. Uzeni hapa, pesa ndiyo iende.

5. Tuma pesa kwa njia inayoacha alama

Tumia benki au kampuni ya kutuma pesa yenye leseni. Noti zisisafiri kwenye begi la mtu, hata awe mcha Mungu namna gani. Mnamweka yeye hatarini. Andaa faili lenye barua ya kamati, mkataba wa kurasa mbili na mshirika, orodha ya wachangaji, na maelezo ya matumizi. Benki zinaogopa miamala inayotaja nchi zenye vita na huizuia kwa wiki kadhaa. Ukiwa na faili, afisa atakuwa na cha kumwonyesha mkubwa wake. Hakiki pia jina la mshirika na viongozi wake kwenye orodha ya vikwazo ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, iko wazi mtandaoni. Kwa Cabo Delgado, ambako makundi yenye silaha yameshambulia vijiji tangu Oktoba 2017, hatua hii haina mjadala: pesa iliyotumwa kwa nia njema kupitia mtu asiyejulikana inaweza kuwafikisha wanakamati mahakamani.

Tuma kwanza kiasi kidogo. Kikipokelewa na risiti ikaja, tuma kilichobaki. Andika kiwango cha kubadilisha fedha siku ya kutuma na siku ya kupokea. Chad wanatumia faranga ya CFA, na tofauti ndogo ya kiwango inaweza kumeza makapu kadhaa. Kuchangisha hadharani, nje ya msikiti wenu, ulizeni ofisi ya wilaya kama kunahitaji kibali.

6. Yatima ni ahadi ndefu

Mtume, rehema na amani zimshukie, aliashiria vidole viwili akisema kwamba yeye na mlezi wa yatima watakuwa hivyo Peponi. Ndiyo maana watu wanaikimbilia kafala, na ndiyo maana inaumiza sana inapokatika. Mtoto aliyeandikishwa shule kwa ahadi yako, ada ikakoma muhula wa pili, anafukuzwa mbele ya wenzake.

Kwa sheria ya dini yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Wengi wana mama, bibi au shangazi. Kwa hiyo msaada bora ni ule unaomfanya mama aweze kukaa na watoto wake wote. Msimchague mmoja kati ya watoto watano kwa kuwa picha yake ilipendeza, wengine wakabaki wakimtazama akivaa viatu vipya. Lipieni kaya. Makao ya kulea yatima yawe ya yule asiye na mtu kabisa.

Kabla ya kuandikisha mtoto wa kwanza, wekeni akiba ya miezi mitatu isiyoguswa, itakayobeba pengo mfadhili akifiwa au akipoteza kazi. Ahidini mwaka mmoja unaoweza kuongezwa. Msiahidi "mpaka akue" kama hamna uwezo. Mkubaliane na mshirika kafala inakoma lini, kwa kubaleghe au kwa kumaliza shule, na mwaka wa mwisho uwe na fungu la ufundi au mtaji.

Mtoto aliyepotezana na wazazi wake vitani asihesabiwe yatima haraka. Harakati ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu ina kazi maalumu ya kuunganisha familia, na mshirika wenu ampeleke huko kwanza. Wala pasiwe na mazungumzo ya kumhamisha mtoto nchi kwa simu na mtu asiyejulikana. Anayelelewa abaki na jina la baba yake, kama Sura Al-Ahzab aya ya 5 inavyoamrisha.

Picha: uso, jina kamili na mahali alipo visikae pamoja kwenye tangazo lolote. Mpeni kila mtoto namba. Barua mbili kwa mwaka na ripoti ya shule zinamtosha mfadhili.

7. Siku ya kugawa

Mshirika ndiye anayegawa, lakini masharti myaandike nyinyi kwenye mkataba. Orodha ihakikiwe na wanawake wa kambini pamoja na wazee, maana orodha ya wazee peke yao huwasahau wajane wasio na ukoo. Wagawaji wawe na wanawake kati yao. Wazee, wenye ulemavu na wajawazito wapite mbele. Mjane aliye ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, apelekewe kwake. Asiambiwe aje foleni au akose.

Itangazwe kwa lugha yao, kwa sauti, kwamba msaada ni bure na hakuna anayeruhusiwa kudai chochote: pesa, kazi, wala mwili. Iwepo namba ya malalamiko inayopokelewa na mwanamke asiyehusika na ugawaji. Wakimbizi wamedhulumiwa hivyo sehemu nyingi, na kunyamaza hakumlindi yeyote.

Mabango, hotuba, na kumsimamisha mama akiwa ameshika gunia huku kamera ikimtazama, hapana. Al-Baqara aya ya 264 inaonya tusibatilishe sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Piga picha magunia, lori, risiti na mikono ikitia dole gumba.

8. Fitri na udhiya zina saa zake

Zakatul-fitri, ile zaka ya kumaliza Ramadhani, kwa Mashafi hutolewa chakula cha kawaida cha mahali. Mtumieni mshirika, aliye wakala wenu kule, pesa mapema, anunue nafaka kule na kuigawa kabla ya sala ya Idi ya kule. Mwezi unaweza kuandama siku tofauti, kwa hiyo msisubiri usiku wa mwisho. Shafi inaruhusu kutoa tangu Ramadhani inapoanza. Tumieni nafasi hiyo.

Udhiya, mnyama wa Idi ya kuchinja, huchinjwa baada ya sala ya Idi mpaka siku ya 13 ya Mfunguo Tatu (Dhul-Hija). Kondoo au mbuzi ni wa mtu mmoja, ng'ombe au ngamia ni wa watu saba. Wakala apewe majina ya wanaochinjiwa kabla. Bei ya mnyama hupanda wiki ya mwisho, basi aagizwe mwezi mmoja kabla.

9. Ripoti na kufunga daftari

Ndani ya siku 30 dai vitu vitatu: risiti za manunuzi, orodha ya waliopokea kwa namba, na ukurasa mmoja wa matatizo. Kisha chagueni namba chache kwa bahati nasibu, mshirika awaunganishe kwa simu, mtu anayejua Kiarabu aulize: ulipata nini, lini, na kuna aliyekudai kitu? Majibu hayo yana uzito kuliko video ya dakika kumi.

Ijumaa inayofuata somea watu hesabu ubaoni: kilichoingia kwa kila safu, kilichokatwa na benki, kilichonunuliwa, kilichopotea. Kama magunia mawili yalilowa, sema yalilowa. Watakaochanga tena ni hawa waliousikia ukweli.

Kikibaki kitu, zaka isilale kwenye akaunti kungoja msiba mwingine. Itoke kwa wastahiki waliopo, hata kama ni wa mtaa wa pili. Ya kafala inaingia kwenye akiba ya miezi mitatu. Ya sadaka iulizwe kwa waliotoa, nao wakiridhia ibebwe hadi Machi, kabla makorongo ya Adré hayajajaa.